Wakfu wa familia Zanzibar

Wakfu wa familia ni mali au mfuko wa fedha uliotengwa na mtu mmoja au ukoo mmoja ili mapato yake yatumike kwa jambo la kheri. Visiwani Zanzibar jina hili linahusu vitu viwili vinavyofanana lakini visivyo sawa. Cha kwanza ni wakfu wa Kiislamu, ambapo nyumba, shamba au kiwanja hufungwa kisheria, kisiuzwe wala kurithiwa, na mapato yake huhudumia msikiti, chuo cha Kurani, maskini au kizazi cha mweka wakfu. Cha pili ni wakfu wa siku hizi, yaani taasisi iliyosajiliwa inayomiliki fedha za familia na kuzigawa kama ruzuku kwa skuli, jumuiya na asasi zisizo za kiserikali.

Tofauti kubwa kati ya hivyo viwili ni muda. Wakfu wa kale ulikusudiwa kudumu milele, lakini mara nyingi mapato yake yalipungua thamani. Ruzuku ya siku hizi huweza kuwa kubwa, lakini kwa kawaida huisha baada ya miaka michache. Kwa jumuiya inayopokea, swali muhimu ni nini kitabaki siku mfadhili atakapoondoka.

Jina

Neno wakfu limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya kusimamisha au kuzuia. Katika fiqhi ya Kiislamu asili ya mali huzuiwa na manufaa yake hutolewa. Wanazuoni hutaja kisa cha Umar bin al-Khattab, aliyepata ardhi huko Khaybar na kumwomba ushauri Mtume, akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe na atoe mazao yake kuwa sadaka.

Magazeti na idhaa za Kiswahili hulitumia neno hilohilo kutafsiri majina ya taasisi za hisani za nje, kwa mfano Wakfu wa Ford au Wakfu wa Aga Khan. Wengine husema taasisi au mfuko. Ni vyema kutofautisha wakfu na maneno ya jirani:

- Sadaka hutolewa na kwisha, kubwa au ndogo.
- Zaka ni faradhi yenye kiwango maalumu. Kwa fedha ni asilimia 2.5 kwa mwaka.
- Mkopo hurudishwa.
- Ruzuku hairudishwi, lakini hutolewa kwa makubaliano na huhitaji taarifa ya matumizi.
- Wakfu ni chanzo chenyewe, yaani mali inayozaa mapato ya kutoa.

Historia

Wakfu wa kale

Katika karne ya 19 matajiri wa Unguja na Pemba waliweka wakfu nyumba, mashamba ya mikarafuu na minazi, na viwanja vya mjini. Misikiti mingi ya Mji Mkongwe ilijengwa na watu binafsi au koo zao. Ili msikiti upate mafuta ya taa, mikeka, maji na posho ya imamu, mjenzi aliuwekea nyumba au duka la kupangisha karibu yake.

Wakfu hizo ziligawanyika katika aina mbili. Wakfu wa kheri ulikuwa kwa manufaa ya umma. Wakfu wa dhuria ulikuwa kwa watoto, wajukuu na watumishi wa mweka wakfu, na kizazi kikikatika ndipo mapato yalipokwenda kwa maskini au msikiti. Kila wakfu ulikuwa na msimamizi, aitwaye mutawali, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa ukoo uleule. Masharti ya mweka wakfu yalipaswa kufuatwa kama yalivyoandikwa au kushuhudiwa, na ugomvi ulipelekwa kwa kadhi.

Usimamizi wa serikali

Mwaka 1905, wakati wa himaya ya Uingereza, ilianzishwa kamisheni ya kusimamia mali za wakfu. Tangu hapo sehemu kubwa ya kazi ya mutawali ilihamia ofisini, ambako mapato yalikusanywa na hesabu kuwekwa kwa utaratibu wa serikali.

Sheria ya Kiingereza pia iliuona wakfu wa dhuria kwa jicho jingine. Mwaka 1894 baraza la juu la rufaa huko London liliamua, katika kesi iliyotoka Bara Hindi, kwamba wakfu unaonufaisha ukoo zaidi, huku maskini wakifikiriwa kwa mbali tu, si hisani ya kweli na hauna nguvu. Uamuzi huo ulipingwa na wanazuoni wa Kiislamu, kwa kuwa katika fiqhi kumhudumia jamaa ni kheri pia. Nchini India ulitenguliwa kwa sheria ya mwaka 1913, lakini mahakama za Afrika Mashariki ziliendelea kuufuata kwa miaka mingi baadaye.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya serikali na majumba mengi yakataifishwa. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iliundwa upya kwa sheria ya mwaka 1980, na sasa inafanya kazi chini ya Sheria Na. 2 ya mwaka 2007. Mbali na nyumba za wakfu, kamisheni hushughulikia mirathi ya Waislamu na mali za amana.

Udhaifu wa wakfu wa kale unaonekana wazi katika Mji Mkongwe, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba nyingi za wakfu zimepangishwa kwa kodi ndogo isiyotosha kuzikarabati. Nyumba ikichakaa kodi hupungua zaidi, na mwishoni wakfu huwa hauna cha kutoa.

Hisani za wafanyabiashara

Koo za wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi zilikuwa na desturi yao ya kujenga skuli, zahanati na majumba ya mikutano. Mfano mashuhuri ni jengo la ghorofa lililo kando ya bandari ya Mji Mkongwe, liitwalo Zahanati ya Zamani. Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyewahi kuendesha forodha ya Zanzibar, alianza kulijenga mwaka 1887 likusudiwe kuwa hospitali. Alifariki mwaka 1891, na jengo likakamilika mwaka 1894. Baadaye liliingia katika amana ya hisani ya Haji Nasser Nurmohamed, na chini yake kukawa na zahanati, ndipo lilipopata jina lake. Baada ya Mapinduzi lilichakaa, hadi shirika la utamaduni la Aga Khan lilipolikarabati katika miaka ya 1990.

Ukoo mwingine ni wa Karimjee Jivanjee. Mzee wao Jivanjee Buddhabhoy alifika Zanzibar kutoka Kutch mwanzoni mwa karne ya 19, na biashara ya karafuu na bidhaa nyingine ikakua hadi Tanganyika, Kenya na Uganda. Hospitali ya Mnazi Mmoja iliwahi kubeba jina la Karimjee Jivanjee kabla ya Mapinduzi, kisha ikaitwa V. I. Lenin, na baadaye ikarudishiwa jina la mahali ilipo. Jijini Dar es Salaam ukumbi wa Karimjee, uliotolewa na ukoo huo katika miaka ya 1950, ulitumiwa na Bunge.

Wakfu wa siku hizi

Taasisi za familia zinazotoa ruzuku Zanzibar na Tanzania kwa jumla zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni taasisi za koo zenye mizizi Afrika Mashariki. Wakfu wa Karimjee Jivanjee, wenye makao Dar es Salaam, umejikita zaidi katika elimu. Milele Zanzibar Foundation, iliyoanza kazi katika muongo wa 2010, hushughulika na elimu, afya na maisha ya vijijini katika Unguja na Pemba.

Kundi la pili ni taasisi za kiongozi wa dini na familia yake. Wakfu wa Aga Khan ulianzishwa mwaka 1967 na Aga Khan IV, na ni sehemu ya mtandao mkubwa wa taasisi za maendeleo. Uhusiano wa uimamu huo na Zanzibar ni wa zamani zaidi, kwani skuli ya Aga Khan ilifunguliwa kisiwani Unguja mwaka 1905.

Kundi la tatu ni wakfu za familia kutoka nje. Segal Family Foundation ulianzishwa mwaka 2007 na Barry Segal, mfanyabiashara wa vifaa vya kuezekea wa jimbo la New Jersey, Marekani. Hutoa ruzuku kwa asasi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine za Afrika, na unajulikana kwa kuzipa asasi fedha zisizofungwa kwenye mradi mmoja. Wakfu binafsi za Marekani hubanwa na sheria ya kodi ya nchi hiyo, inayozitaka kutoa kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zao. Kwa hiyo kutoa si hiari tu, ni sharti la kuendelea kupata nafuu ya kodi.

Namna ruzuku inavyotolewa

Usajili

Wakfu wa kisasa hautoi fedha kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi, bali kwa chombo kinachotambulika. Zanzibar jumuiya nyingi zilisajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya Na. 6 ya mwaka 1995, wakati Tanzania Bara ina Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Jumuiya huhitaji katiba, viongozi waliochaguliwa, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na anwani. ANGOZA, mwavuli wa asasi zisizo za kiserikali Zanzibar, husaidia kuzijengea uwezo.

Hatua

Utaratibu hutofautiana, lakini kwa kawaida hupita katika hatua hizi:

1. Wakfu hutangaza mambo unayoyafadhili, au huzitafuta wenyewe asasi zinazofanya kazi nzuri.
2. Jumuiya hupeleka barua fupi ya maombi, kisha andiko la mradi lenye tatizo, lengo, shughuli na bajeti.
3. Maofisa hukagua usajili na hesabu, na hutembelea eneo la kazi.
4. Wadhamini wa wakfu, ambao mara nyingi wanajumuisha watu wa familia, huamua.
5. Pande mbili hutia saini mkataba unaotaja kiasi, muda na masharti.
6. Fedha hutolewa kwa awamu, na awamu inayofuata hutegemea taarifa ya ile iliyotangulia.
7. Mwishoni hufanyika tathmini na ukaguzi wa hesabu.

Aina za ruzuku

Ruzuku ya mradi hulipia kazi maalumu, kama kuchimba kisima au kutoa mafunzo kwa walimu. Ruzuku ya uendeshaji hulipia mishahara, pango, umeme na gharama nyingine za kila siku. Asasi huipenda zaidi, na ndiyo adimu zaidi. Ruzuku ya kulinganisha hutolewa kwa sharti kwamba wanajamii nao wachange kiasi fulani. Ruzuku ya mtaji wa kudumu huwekezwa, na faida yake tu ndiyo inayotumika. Hii inakaribia sana wakfu wa kale.

Mfano wa hesabu unaonesha tofauti yake. Tuseme wazazi wa shehia ya Kiembe Samaki wana skuli ya maandalizi na wamepata shilingi milioni 20. Wakizitumia kwa mishahara na vifaa kwa miaka miwili, watakuwa na takriban shilingi 833,000 kila mwezi, na mwezi wa 25 hawatakuwa na kitu. Wakiziwekeza kwa faida ya asilimia 6 kwa mwaka, watapata shilingi milioni 1.2 kwa mwaka, sawa na shilingi 100,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakitoshi kuendesha skuli, lakini huweza kuongezea posho ya mwalimu mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, bei zikipanda na faida yote ikitumiwa, shilingi 100,000 za leo zitanunua vitu vichache baada ya miaka kumi. Ndiyo maana sehemu ya faida hurudishwa kwenye mtaji. Kukosekana kwa hatua hiyo ndiko kulikozidhoofisha wakfu nyingi za kale.

Mifano

Skuli za awali za Madrasa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan awasaidie watoto wao waliokuwa wakibaki nyuma katika elimu. Mwalimu Swafiya Said aliongoza kazi ya kutunga mtaala unaounganisha mafunzo ya dini na michezo ya kujifunzia, kwa kutumia vifaa vinavyopatikana mahali kama vifuu, mbegu na makasha. Skuli ya kwanza ilianza Mombasa mwaka 1986. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Wakfu haukujenga skuli na kuzikabidhi. Kijiji kilichotaka skuli kiliunda kamati, kikatoa mahali pa kusomea, kikachagua walimu kutoka hapohapo, wengi wao wanawake, na kukubali ada. Wakfu ulilipia mafunzo ya walimu na ziara za wakufunzi. Baada ya miaka michache, skuli iliyotimiza masharti ilihitimu na kupewa mtaji mdogo wa kudumu, uliounganishwa na michango ya wanakijiji na kuwekezwa pamoja na wa skuli nyingine. Gawio lilisaidia kulipa walimu. Kituo cha Zanzibar kimekuwa asasi ya wenyeji, na kinafahamika kwa kifupi MECP-Z. Utaratibu huo uliunganisha ruzuku ya kisasa na wazo la zamani la wakfu, na wanavijiji waliuelewa upesi kwa sababu jambo lenyewe halikuwa geni kwao.

Wanasayansi Chipukizi Tanzania

Young Scientists Tanzania ni asasi iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa maonesho ya vijana ya Ireland. Wanafunzi wa sekondari, wakiwemo wa Zanzibar, hufanya utafiti mdogo kuhusu matatizo ya mahali pao na kuuonesha mbele ya waamuzi. Miongoni mwa wafadhili wake ni Wakfu wa Karimjee Jivanjee, ambao hulipia masomo ya chuo kikuu ya washindi. Hapa kazi imegawanywa: asasi inafika skulini na kuongoza utafiti, wakati wakfu unahakikisha kwamba mshindi kutoka familia isiyo na uwezo hakwami baada ya kidato cha sita.

Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi

Kisa cha Dhow Countries Music Academy si cha wakfu wa familia, lakini kinaonesha hatari inayozikabili asasi zote za ruzuku. Chuo hicho kilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kikafundisha taarabu, kidumbaki, ngoma, udi na kanuni katika jengo la Forodha ya Zamani. Kilitegemea sana balozi na wafadhili wa nje, kwa kuwa wanafunzi wengi hawakumudu ada kamili. Fedha hizo zilipokoma, mwaka 2019 chuo kilitangaza kwamba kiko karibu kufungwa, ingawa kilikuwa na wanafunzi, walimu na sifa nje ya nchi. Kiliendelea baada ya kutafuta misaada mipya.

Faida na ukosoaji

Wakfu wa familia huweza kuamua upesi kuliko serikali au mashirika makubwa, na huweza kujaribu jambo ambalo halijathibitishwa. Haulazimiki kungoja bajeti ya taifa wala uchaguzi. Familia yenye asili ya mahali huyajua mazingira na huona aibu kazi ikiharibika, kwa kuwa jina lake limo ndani yake.

Ukosoaji mkuu ni kwamba anayetoa ndiye anayechagua. Kijiji kinaweza kuhitaji choo cha skuli, lakini wakfu unafadhili kompyuta, basi andiko la mradi litaomba kompyuta. Jumuiya ndogo zisizo na mtu wa kuandika Kiingereza kizuri hushindwa na asasi za mjini, hata kama kazi yao ni bora. Taarifa nyingi za wafadhili tofauti huchukua muda wa watendaji wachache waliopo. Aidha, familia haichaguliwi na wananchi, na ikibadili nia au biashara yake ikiyumba, hakuna anayeweza kuidai.

Suala la nani anaamua si geni Zanzibar. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi za viwanja walivyojengea vibanda vyao. Wengi walishikilia kwamba ardhi hiyo ilitolewa na matajiri wa zamani ili wanyonge wakae bure, na kwamba hakuna mwenye haki ya kuigeuza biashara. Kwao masharti ya mtoaji yalikuwa ahadi kwa mpokeaji pia.

Kwa sababu hizo baadhi ya wakfu hupendelea ruzuku za miaka mingi, huruhusu maombi kwa Kiswahili au kwa mazungumzo ya ana kwa ana, huweka wenyeji katika bodi, na hutangaza mapema mwaka ambao ufadhili utakoma. Kwa upande wao, jumuiya zinashauriwa kuwa na chanzo zaidi ya kimoja, kuandika michango ya wanachama hata ikiwa midogo, na kutenga akiba tangu ruzuku ya kwanza. Zikifanya hivyo, ruzuku ya miaka michache inaweza kuacha kitu kinachozaa, kama wakfu wa kale ulivyokusudiwa.